Safari ya kuvua na familia: kabla ya kitanda, uliza gati

Likizo ya Juni na ile ya Desemba zikikaribia, wahudumu wa mapokezi katika loji na gesti za kando ya Ziwa Victoria hupokea simu za aina moja. Chumba bei gani? Maji ya moto yapo? Chai ya asubuhi imo humohumo? Intaneti je, inashika? Mpigaji akiridhika anatuma advansi, na siku ikifika gari linaingia getini likiwa na baba, mama, watoto wanne, bibi, fimbo mbili za kuvulia zilizofungwa juu ya keria, na kopo la nyungunyungu ambalo mama amekwisha kukataza lisiwekwe karibu na miguu yake. Ndipo inapojulikana kwamba loji ina bwawa la kuogelea, ina nyama choma, ina muziki mpaka saa sita usiku, lakini haina mahali hata pamoja ambapo mtoto anaweza kusimama akatupa ndoano.

Safari ya kuvua ni safari ya majini. Nyumba ya kufikia, kwa hiyo, hukaguliwa kutokea majini kwenda chumbani, wala si kutokea chumbani kwenda majini. Kitanda kibovu utakivumilia usiku mmoja au miwili. Ufukwe mbovu utakumalizia likizo nzima, na pengine utakufuata hadi nyumbani kwa njia ya mkojo wa mtoto wenye damu au tumbo lisiloisha kuuma.

Nianze na hilo la kichocho, maana ndilo linaloamua mengine. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na matete, mahali palepale mtoto anapopenda kusimama akiwa amekunja suruali. Vikitoka kwenye konokono vinaogelea kutafuta ngozi ya mtu, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana hivi. Dakika chache zinatosha. Aina iliyoenea zaidi katika ziwa letu ni ile ya tumbo, ambayo haionyeshi damu kwenye mkojo, kwa hiyo mzazi anayesubiri dalili hiyo anaweza kusubiri mwaka mzima. Dawa ipo, prazikwanteli, na zahanati nyingi za Kanda ya Ziwa wanaijua vizuri. Lakini kumpima mtoto siku mbili baada ya safari hakusaidii, kwa sababu minyoo huchukua wiki kadhaa kukomaa na kuanza kutaga. Subirini miezi miwili, kisha mpeleke.

Dawa ya kweli ni gati. Mtoto aliyekaa juu ya mbao, miguu mikavu, ndoano imeangukia mita tatu au nne kutoka ukingoni, anavua bila kuyagusa maji ya matete. Anavua vizuri zaidi pia, kwa kuwa sato hupenda kivuli cha nguzo. Gati hilohilo, likiwa limeinuka, linampunguzia hatari ya mamba, ingawa haliiondoi kabisa, na linampa bibi mahali pa kuwekewa kiti. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu huwa hilo, na majibu yake yamenifundisha mengi kuhusu biashara ya utalii wa ndani. Hivi ndivyo mazungumzo na kijana mmoja wa mapokezi yalivyokwenda:

"Shikamoo mama, karibu sana."

"Marahaba mwanangu. Mna gati?"

"Tuna ufukwe mzuri sana mama, mchanga mweupe."

"Gati, mwanangu. Mbao zinazoingia majini, mtu akasimama juu."

"Lipo mama. Ila kwa sasa limezama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yaani maji yakitulia linaonekana."

Kijana yule alikuwa mkweli, na hakuwa na kosa. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuvuka kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee wa visiwani walikuwa bado wanakisimulia, na mwaka 2024 yakapanda tena kuliko hapo. Magati yalifunikwa, ngazi za loji zikaishia majini, bustani za maua zikageuka makazi ya vyura. Picha zinazotumiwa kutangazia loji nyingi zilipigwa kabla ya hapo. Utaona mwavuli, viti viwili vya kulalia na mchanga mpana. Ukifika, mwavuli umesogezwa hadi ukutani.

Kuna jambo lingine ambalo picha hazisemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Loji iliyofuata sheria, basi, haiko "ndani ya ziwa" kama tangazo linavyojisifu. Iko kidogo juu, na kati yake na maji kuna nyasi. Mita 60 si kitu kwa mtu mzima. Saa moja usiku, na kiboko ametoka kula nyasi hizohizo, ni umbali mrefu kuliko barabara ya kutoka Mwanza. Uliza kama njia ya kwenda gatini ina taa na kama kuna mlinzi anayezunguka. Na swali la kiboko usimwulize meneja, ambaye kazi yake ni kukuambia hajaonekana muda mrefu. Ukifika, tembea hadi wanapofulia nguo kina mama wa kijijini, wasalimie, ukae nao kidogo. Watakuonyesha kwa kidole anapotokea, saa anayotokea, na njia anayopita kurudi.

Sasa, wapi? Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, na mtu hawezi kulizunguka lote kwenye makala moja. Nitabaki upande wetu wa kusini, ambako familia nyingi za Tanzania hufikia.

Mwanza mjini ni rahisi na ni pachafu kidogo kwa uvuvi. Capripoint kuna hoteli nzuri zenye mandhari ya mawe, lakini ni za mikutano na harusi. Luchelele, nje kidogo upande wa Nyegezi, pametulia zaidi. Mji una faida moja kubwa: hospitali ya Bugando iko karibu, na mwenye mtoto mwenye pumu anajua thamani ya jambo hilo. Faida nyingine ni kisiwa cha Saanane, dakika chache kwa boti kutoka mjini, ambacho ndicho hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Kimepata jina kwa mzee aliyekuwa akilima na kuvua pale kabla ya kuhamishwa mwaka 1964 ili iwekwe bustani ya wanyama. Watoto wanaipenda hadithi hiyo; watu wazima huwa wanauliza mzee alihamia wapi.

Mashariki, barabara ya Musoma, kuna eneo la Lamadi kando ya Ghuba ya Speke. Hapa ndipo ninapowaelekeza watu wanaogombana nyumbani, baba akitaka samaki na mama akitaka Serengeti, kwa sababu geti la Ndabaka liko jirani. Asubuhi mnavua, kesho yake mnaamkia kwa nyumbu. Ghuba hii ina fukwe za mchanga na maji yasiyo na kina kirefu karibu na nchi kavu, kwa hiyo boti inahitajika kwa anayetaka sangara.

Ukerewe ni habari nyingine, kwa sababu Ukerewe wengi wetu tuna ndugu. Kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua saa tatu na zaidi, na ukiwa na gari unaweza kuzunguka Bunda ukavukia Kisorya kwenda Rugezi. Ukishafika, unalala kwa shangazi au gesti? Hili ni swali zito kuliko la gati. Ukilala gesti wakati shangazi yuko Nansio, utaulizwa kwenye kila msiba kwa miaka kumi ijayo. Ukilala kwa shangazi, utakula vizuri, utalala chini ya chandarua alichokinunua kwa ajili yako, lakini hutavua. Mvuvi huamka saa kumi na moja alfajiri. Mgeni haruhusiwi kutoka kabla ya kunywa chai, na chai ya mgeni haipikwi saa kumi na moja. Ikifika saa tatu ndipo mihogo inaivishwa, saa nne anakuja mjomba kusalimia, na wakati huo samaki wameshashuka kwenye kina.

Nilichoona kinafanya kazi ni kugawa siku waziwazi tangu kwenye simu. "Shangazi, tunakuja Ijumaa, tunalala kwako hadi Jumapili; kuanzia Jumapili watoto nawapeleka kuvua, tutalala ufukweni." Mgeni siku mbili, na wenyeji nao wanaijua methali hiyo, ingawa hawataisema mbele yako. Tena siku ya kuvua mchukueni binamu mmoja wa pale. Mtoto wa kisiwani wa miaka 12 anajua jiwe gani linakaliwa na samaki kuliko nahodha wa kukodi, na atawafundisha wa mjini kufunga ndoano bila kujikata.

Halafu kuna Rubondo, na hapa nitakaa kidogo.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na uvuvi wa biashara hauruhusiwi humo. Hiyo ndiyo siri yake yote. Mahali ambapo kokoro na nyavu za timba hazipiti, sangara hupata muda wa kukua, na sangara akiachwa akue huweza kuvuka kilo 100. Uvuvi wa michezo unaruhusiwa kwa kibali: boti inatembea taratibu kando ya miamba huku chambo bandia kikiburuzwa nyuma, na fimbo ikipinda, kila mtu botini anapiga kelele kwa lugha ya kwao. Kuna sokwe walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969 na sasa ni wa porini kabisa, kuna nzohe wanaoingia kwenye matete, kuna tembo. Simba hakuna. Hili huwapa wazazi matumaini yasiyo sahihi, maana mamba na viboko wapo tele, na kuogelea ni mwiko.

Kufika kumekuwa rahisi. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025, na ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwala watu nusu siku imebaki simulizi. Unapita Sengerema na Geita, kisha unashika njia ya Nkome, au unaendelea hadi Chato ukapandie boti Kasenda. Kulala kuna daraja mbili: kambi ya kifahari kwa wenye nazo, na mabanda na nyumba ya wageni ya TANAPA pale Kageye kwa sisi wengine. Mtanzania hulipa viingilio kwa shilingi na kwa bei ya mwenyeji, na mtoto wa chini ya miaka mitano haingizwi kwenye hesabu. Panda boti ukiwa na unga, mchele, mafuta, vitunguu, mkaa ukiambiwa unahitajika, na dawa zote za mtoto, kwa sababu ukisahau chumvi, duka liko ng'ambo ya maji.

Hilo la ng'ambo ya maji ndilo linalonifanya nisite. Kisiwani, homa ya mtoto ikipanda usiku wa manane, uamuzi si wako peke yako. Ni wako, wa nahodha, na wa upepo. Usiku na alfajiri ndio muda ambao dhoruba za radi hupenda kujikusanya katikati ya ziwa, hewa ya nchi kavu inapokwenda kukutana huko juu ya maji yenye joto. Mchana mambo hugeuka, upepo unatoka ziwani kuja ufukweni, na mawimbi huanza kuchafuka baada ya saa nane. Wavuvi wanalijua hilo bila kusoma, ila Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri wa ziwa, na kuusikiliza hakugharimu kitu. Kanda hii imezika watu wengi. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imebeba zaidi ya mara mbili ya watu 101 iliyoruhusiwa. Waliokufa walizidi 220. Boti ya kuvulia ya loji si kivuko, lakini kanuni ni ileile. Hesabu vichwa, hesabu jaketi okozi, na uliza kama yapo ya saizi ya mtoto. Jaketi la mtu mzima mwilini mwa mtoto wa miaka sita humpanda kichwani akianguka majini, na yeye akabaki chini. Loji isiyo na jaketi za watoto haijawahi kuwafikiria watoto, hata kama ina bembea tatu uwanjani.

Majirani wa loji nao wakaguliwe. Mwalo ukiwa jirani ni raha na karaha. Raha ni kununua samaki mbichi asubuhi siku ambayo nyinyi hamkupata kitu, jambo ambalo litatokea. Karaha ni harufu ya dagaa walioanikwa, injini za boti kuanzia saa kumi alfajiri, na nzi. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa hutoka na taa, na ziwa linawaka upeo mzima mithili ya mji usio na barabara. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, nawe unalala. Mwenye watoto wanaopenda kuona hayo achague tarehe kwa kuangalia mwezi. Mwenye bibi asiyepata usingizi naye aangalie mwezi huohuo, achague kinyume.

Chandarua usiulize kama kipo. Uliza kinafunika vitanda vingapi, na kama madirisha yana nyavu. Malaria ya Kanda ya Ziwa haina mzaha. Kuna pia wale wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa mawingu na kuvamia taa. Hawaumi, lakini watajaa kwenye ugali. Kuleni kabla ya giza au zimeni taa ya nje.

Jikoni, sasa. Watu husahau kuuliza samaki wao watapikwa wapi. Zipo loji ambazo zitakutazama kwa mshangao ukiingia mapokezi na sato watatu kwenye ndoo, na mpishi atakuambia menyu ya leo ni kuku. Nyingine zitakukaangia kwa malipo kidogo, na huo ndio utaratibu mzuri: samaki wa mtoto aletwe mezani mzima, akiwa na kichwa, ili aliyemvua aonyeshwe ni yupi. Uliza pia barafu. Kama mnataka kurudi na samaki, mnahitaji deli na barafu ya kutosha, na jokofu la loji lenye umeme wa kukatikakatika halitoshi.

Kabla ya boti kutoka gatini, kubalianeni na nahodha juu ya samaki ni wa nani. Nasema hivi kwa sababu ya bondo. Bondo la sangara mkubwa lina bei kuliko nyama yake yote, wanunuzi wanalipeleka Asia, na nahodha anajua hivyo wakati baba wa watoto hajui. Nimeona sangara akipasuliwa kwa ukarimu mkubwa, minofu ikapangwa vizuri kwenye beseni ya mgeni, na bondo likaingia mfuko wa koti kimyakimya. Binafsi sioni ubaya nahodha aliyefanya kazi nzuri akipewa. Ubaya ni kutolisema. Na mkiwa na rula botini, watoto wapime wenyewe: sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa, warudi majini wakiwa hai. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisimamia sheria hiyo kwa ukali kuliko afisa uvuvi yeyote.

Hukumu yangu, basi. Ningekuwa na mtoto wa chini ya miaka mitano, nisingevuka maji kwenda kulala kisiwani kwa ajili ya samaki. Ningelala bara, Luchelele au Lamadi, penye gati, gari likiwa mlangoni. Watoto wakifika darasa la sita, wakawa wanavaa jaketi bila kusukumwa na wanaweza kukaa botini saa mbili bila kugombana, Rubondo inastahili kila shilingi. Ukerewe nendeni wakati wowote, lakini kwa shangazi kwanza. Na popote mtakapochagua, usitume advansi kabla mwenye loji hajakutumia picha ya gati iliyopigwa wiki hiyohiyo, mtu akiwa amesimama juu yake.